Conic Hill: mita 361 zinazotaka begi lililojaa

"Kaka, mita 361? Stendi ya Moshi iko juu kuliko huo mlima wako!" Ndivyo alivyoniandikia kijana mmoja wa nyumbani aliyetaka tupande wote Jumamosi. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Nikamjibu alete koti la mvua, glovu, kofia ya sufu na chakula cha mchana.

Nimekulia Moshi, na kwa miaka sasa kazi yangu ni kuongoza watu kwenye vilima vya Uskoti. Wanaoanza nawapeleka Conic Hill, pale Balmaha, ukingo wa mashariki wa ziwa Loch Lomond. Kwenda na kurudi ni kama kilomita nne. Lakini uso wa ziwa uko takriban mita 8 tu juu ya bahari, kwa hiyo karibu kimo chote unakipanda kwa miguu yako. Hakuna gari la kukutangulizia safari, kama lile linalokufikisha geti la Marangu.

Muda naukadiria kwa kanuni aliyoiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni karibu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha unaongeza dakika kumi kwa kila mita mia unazopanda. Hapa inakuja kama saa moja na nusu. Naismith hakuhesabu mapumziko, picha, wala matope, ndiyo maana mimi huwaambia wageni wangu watenge saa mbili na nusu. Pole pole ya Kilimanjaro inafaa hapa pia, ingawa sababu si hewa nyembamba. Ukipanda mbio unalowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukitoka kwenye kinga ya miti.

Njia inaanza nyuma ya maegesho ya magari, inapita msituni, halafu geti, halafu ngazi za mawe zinazochosha magoti. Unafuata alama za West Highland Way, njia ndefu ya kilomita 154 kutoka Milngavie hadi Fort William. Hapa watu hupotea kidogo: njia hiyo kuu haifiki kileleni, inapita ubavuni tu. Lazima uchepuke ushike kijia kinachopanda mgongoni. Na mgongo huo una vinundu kadhaa, kila kimoja kikijifanya ndicho kilele.

Kabla ya kufika juu huwa nawasimamisha watu, nawaambia wainame watazame wanachokikanyaga. Ni mwamba mwekundu uliojaa kokoto za mviringo, nyingine kubwa kama ngumi, zimeshikana kama zege la msingi wa nyumba. Pitisha kidole juu ya kokoto moja: ni laini, haina kona. Jiwe halizaliwi hivyo. Mito ya zamani sana, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ilizibeba kutoka milimani, ikazisugua njiani na kuzimwaga hapa, zikagandamana.

Sasa simama kileleni utazame ziwani. Visiwa vinne, Inchcailloch, Torrinch, Creinch na Inchmurrin, vimejipanga mstari mmoja na mgongo uliousimamia. Mstari huo ni Highland Boundary Fault, ufa mkubwa wa ardhi unaoikata Uskoti kutoka kisiwa cha Arran magharibi hadi Stonehaven mashariki. Kaskazini yake ni miamba migumu ya nyanda za juu, kusini ni miamba laini zaidi ya nyanda za chini. Hata ziwa linalionyesha hilo: upande wa kaskazini barafu ya kale ilibanwa na miamba migumu ikachimba bonde jembamba lenye kina kirefu, kusini ilitanuka, na ziwa likawa pana, lenye kina kifupi na visiwa vingi. Mimi nimefika vilele virefu zaidi ya hiki mara nyingi, na bado sijaona pengine ambapo mtu hupanda kwa muda mfupi hivi akaonyeshwa jambo kubwa hivi.

Ila upepo haujali kama umekuja kujifunza. Mwezi Mei mwaka mmoja nilikuwa na mgeni aliyevaa jinzi na fulana ya pamba. Chini kulikuwa na jua. Tulipotoka msituni mvua ikaja ya ubavu, na kwa dakika ishirini jinzi ikawa imenata miguuni na midomo inatetemeka hata maneno hayatoki sawasawa. Nilimvisha koti langu la akiba, nikampa chai ya moto, tukageuza. Kilele kilikuwa kinaonekana. Nilijilaumu kwa kutomkagua pale maegesho, na tangu siku hiyo nakagua nguo za kila mtu kabla hatujapita geti. Pamba ikilowa haikupi joto. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka.

Kiangazi kuna visubi, hasa upepo ukitulia, na kupe kwenye kangaga pembeni mwa njia. Ukifika nyumbani kagua miguu na nyuma ya magoti, maana kupe wa huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji uokoaji wa mlimani. Wengi wanaokuja kukutafuta ni watu wa kujitolea.

Kushuka ndiko kunakoteleza zaidi, kwa sababu ya changarawe juu ya mawe yaliyolowa. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo sisi huondoka Balmaha saa nne asubuhi, na tochi ya kichwani inakaa begini hata mwezi Juni.

Yule kijana alikuja Jumamosi. Glovu alizivaa tulipofika geti.