Elimu kwa Umma: Buibui Wenye Sumu na Vidonda Wanavyosingiziwa

Kila msimu wa joto unapoanza, kitengo chetu cha afya ya mazingira hupokea malalamiko mengi kuhusu buibui, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo huambatana na picha ya kidonda, si ya buibui.

Karibu buibui wote wana sumu ya kulemaza mawindo, lakini kati ya aina zaidi ya 50,000 zinazojulikana ni chache mno zinazoweza kumdhuru binadamu. Mrukaji mdogo anayewinda nzi dirishani na yule wa miguu mirefu myembamba anayening'inia kwenye kona za dari hawastahili kupuliziwa dawa.

Wanaohitaji tahadhari katika maeneo mengi ya joto ni makundi mawili. La kwanza ni buibui wajane, yaani Latrodectus. Jike la mjane mweusi lina tumbo la duara linalong'aa, lenye alama nyekundu, mara nyingi upande wa chini. Mjane wa kahawia ana alama ya rangi ya chungwa, na vifuko vyake vya mayai vimeota vijimiba pande zote, hivyo ukivikuta chini ya kiti huhitaji kumwona mwenyewe ili umtambue. Sumu yao hushambulia neva: maumivu huenea, misuli ya tumbo na mgongo hukaza, jasho hutoka na shinikizo la damu huweza kupanda. La pili ni Loxosceles, mwenye macho sita yaliyopangwa jozi tatu, ilhali buibui wengi wana manane; anapouma, mtu huenda asihisi kitu mwanzoni, kisha ngozi ikafa taratibu.

Hata hivyo, na hili tumelieleza mara nyingi, vidonda vingi wanavyosingiziwa buibui ni maambukizi ya bakteria, na mgonjwa anayeng'ang'ania kwamba aliumwa na buibui ambaye hakuna aliyemwona hujichelewesha kupata tiba inayomfaa.

Aliyeumwa kweli aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aweke kitambaa chenye barafu, asichanje wala kunyonya, na afike kituo cha afya bila kuchelewa iwapo maumivu yanaenea, au kama ni mtoto, mzee au mjamzito. Ikiwezekana bila hatari, buibui afunikwe kwa glasi, karatasi ipitishwe chini yake, kisha ahamishiwe kwenye kichupa chenye kifuniko kilichoandikwa tarehe, saa na mahali alipopatikana. Hata aliyepondwa aletwe, kwani mpangilio wa macho mara nyingi bado husomeka.

Kuhusu viuatilifu, katika nchi nyingi kuvitumia kinyume cha maelekezo ya lebo ni kosa la kisheria linaloweza kuleta faini, na kwa mpuliziaji wa kulipwa, kufutiwa leseni. Kiuatilifu cha shambani hakipuliziwi chumbani kwa hali yoyote. Ziba nyufa, fagia tando pamoja na vifuko vya mayai, vaa glavu unapogusa kuni au matofali yaliyorundikwa, na kung'uta viatu vilivyolala nje kabla ya kuvivaa.