Sukari ya asubuhi haitoshi: jinsi ya kupima kwa jozi nyumbani

Mtu anaishi na kisukari. Kila mwezi anafika kliniki asubuhi hajala, anapimwa sukari kwa kidole, inasoma 6.8, anapongezwa, anarudi zake nyumbani. Siku anapopimwa HbA1c, kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi iliyopita, majibu yanatoka asilimia 8.4, na hapo mabishano yanaanza: maabara imekosea, sampuli zimebadilishana, mashine mbovu. Mara nyingi hakuna kilichokosea. Asilimia 8.4 ni sawa na wastani wa sukari wa karibu 10.8 kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na wastani huo umejengwa na saa ambazo hakuna aliyepima: saa tisa alasiri baada ya ugali, saa nne usiku baada ya wali. Na tuseme ukweli, wapo pia wanaojibana chakula siku mbili kabla ya kliniki. Kipimo cha asubuhi kinalifunika hilo, HbA1c hailifuniki, kwa sababu inahesabu sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. (Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni amweleze daktari mapema. Kwake HbA1c inaweza kudanganya, na vipimo vya kidole ndivyo vya kutegemewa zaidi.)

Namna nafuu ya kuziona saa hizo zilizojificha ni kupima kwa jozi.

Kwanza shabaha. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, kwa kawaida tunataka 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 baada ya kula. Kwa mzee mwenye maradhi mengine shabaha hulegezwa, maana sukari ikishuka humwangusha haraka kuliko inavyomdhuru ikipanda kidogo. Kwa mjamzito hukazwa: chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 6.7 saa mbili baada ya kuanza kula. Namba zote hapa ni milimoli kwa lita. Mashine yako ikisoma 126 au 180 usishtuke, imewekwa kwenye miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18: 126 ni 7.0, na 180 ni 10.0.

Jozi ni vipimo viwili kwa mlo mmoja. Cha kwanza kabla tu ya kula, cha pili saa mbili tangu tonge la kwanza. Si tangu ulipomaliza na kunawa, ni tangu tonge la kwanza. Kinachosema ni tofauti ya hizo namba mbili. Ukianza na 6.5 ukaishia 8.9, umepanda 2.4, na mlo ule kwa kiasi kile mwili wako unaumudu. Kupanda kwa 2 hadi 3 hakutusumbui. Ukianza na 6.5 ukaishia 13.2, tatizo liko kwenye sahani, au kwenye dawa ya mlo ule. Lakini ukianza na 11.8 ukaishia 13.0, mlo hauna kosa kubwa. Sukari ilikuwa juu kabla hujakaa kula, na cha kuzungumza na daktari ni dawa ya usiku au mlo uliotangulia. Wengi hapo hupunguza chakula wakabaki na njaa, na namba haishuki.

Stripu, vile vijiti vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine, ni ghali, na ndiyo sababu ya kupima kwa mpango. Kwa asiyetumia insulini, kopo la stripu 25 linaweza kutosha mwezi: jozi mbili kwa wiki ni stripu 4, wiki nne ni 16, zinabaki 9 za dharura na siku za kuumwa. Wiki ya kwanza chagua chakula cha mchana, ya pili cha usiku, ya tatu kifungua kinywa, ya nne rudia ule mlo uliokushangaza. Hilo lina faida kuliko kupima kila siku alfajiri na kupata namba ileile. Anayetumia insulini kwa kila mlo haingii kwenye hesabu hii: huyo anahitaji kupima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, yaani mara nne kwa siku kwa uchache.

Daftari liwe na tarehe, saa, namba ya kabla, namba ya baada, dawa uliyotumia, na chakula kwa kiasi. "Ugali ngumi mbili, maharage kikombe kimoja, mchicha" ni maelezo. "Chakula cha kawaida" si maelezo, kwa kuwa kawaida ya nyumba hii ni karamu ya nyumba ile.

Namba mbovu hutokana na kidole kabla ya kutokana na mashine. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Aliyetoka kumenya embe au chungwa akajipima bila kunawa anaweza kusoma namba ya juu mno kutokana na sukari iliyobaki kwenye ngozi. Maji yaliyobaki kidoleni huizimua damu na kuleta namba ya chini. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati penye mishipa mingi ya fahamu, na usikamue kwa nguvu: ning'iniza mkono chini kidogo, damu itakuja. Stripu huharibiwa na unyevu na joto, kwa hiyo funika kopo mara tu unapotoa moja, na usilihifadhi jikoni wala kwenye gari. Hata ukifanya yote haya, kiwango cha kimataifa cha ubora, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu mashine kupishana na maabara kwa asilimia 15 pale sukari inapofika 5.6 au zaidi. Sukari ya kweli ya 8.0 inaweza kusomeka 6.8 au 9.2. Kwa hiyo tofauti ya nukta chache isikunyime usingizi.

Sasa sahani. "Nimeacha sukari kabisa" ni kauli ya kila kliniki, na msemaji hadanganyi: chai anakunywa kavu. Ila bonge la ugali la gramu 300 lina wanga wa karibu gramu 75, na wanga wote huo ukishasagwa tumboni unaingia kwenye damu kama glukosi. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai, na hakuna anayebisha kwamba soda ni mbaya. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na virutubisho, lakini dona si dawa. Bonge ni bonge. Uji ndio unaowashangaza watu zaidi. Unga umesagwa laini, umepikwa ukalainika, tena unanywewa, hivyo hauna cha kuuchelewesha tumboni. Kikombe kikubwa cha uji wa asubuhi, hata bila sukari, huweza kupandisha kuliko mihogo miwili ya kuchemsha. Pima jozi uone kwako ikoje.

Kipimo rahisi cha sahani: nusu mboga (mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia), robo samaki, nyama, mayai au maharage, na robo iliyobaki ugali, wali au ndizi, kiasi cha ngumi yako mwenyewe. Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda. Najua kwetu tonge hutangulia na mboga hulisindikiza, kwa hiyo ukishindwa kugeuza, angalau kula mboga vijiko kadhaa kabla ya tonge la kwanza. Baada ya kula tembea dakika 15. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini inapokuwa haba.

Kuna mtego mmoja kwenye jozi: mafuta. Chapati, chipsi mayai, pilau na vyakula vya nazi hukaa tumboni muda mrefu, hivyo saa mbili baadaye unaweza kusoma 8.5 ukafurahi, kumbe sukari ndiyo kwanza inapanda. Kwa milo hiyo ongeza kipimo cha tatu saa nne tangu kuanza kula. Futari ya Pwani ni mfano kamili: tende na uji vinaingia haraka, magimbi na mihogo ya nazi vinafuata polepole, kaimati zinamalizia, na mtu analala na 16. Aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga apime pia mchana, na afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7. Asisubiri adhana.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, dakika zinahesabika. Dalili ni jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, na wakati mwingine ukali usio na sababu ambao familia huutambua kabla ya mgonjwa mwenyewe. Toa gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii hapa. Chokoleti na maziwa pia si chaguo, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, na mlo unaofuata uko mbali, kula kitu chenye wanga. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, hasa mzee au mwenye figo dhaifu, asiridhike kwa kuwa amezinduka. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, kwa hiyo aangaliwe hospitalini. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kichefuchefu na kuharisha kwake hupungua ukiimeza pamoja na chakula.

Kwa wanaojichoma insulini, jozi mbaya mara nyingi ina sababu za kawaida mno. Insulini angavu ya kawaida na ile ya mchanganyiko wa 30/70 huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Ukichoma sahani ikiwa mezani, chakula kinatangulia na dawa inakimbiza. Insulini yenye ukungu lazima izungushwe taratibu viganjani mara kumi au zaidi mpaka iwe sawa kama maziwa, bila kutikiswa kwa nguvu. Kisha papasa tumbo na mapaja. Ukikuta vinundu laini, ndipo unapochoma kila siku kwa kuwa hapaumi, na dawa ikiingia humo hufyonzwa leo vizuri, kesho vibaya. Hamisha sindano, acha nafasi ya vidole viwili kutoka kitovuni, na kila mchomo uwe mbali kidogo na wa jana. Ukihama kutoka kwenye nundu, pima zaidi siku hizo, maana dozi ileile sasa itafanya kazi kwa nguvu.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hutupwa. Kilichofunguliwa hutumika wiki nne. Pasipo friji, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati kinafaa, kikiwa kivulini penye upepo. Kinafanya kazi vizuri Dodoma kuliko Tanga, kwa sababu hewa yenye unyevunyevu huzuia maji kukauka, na ni kule kukauka ndiko kunakopoza. Usikate tamaa lakini: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, na kuchapishwa 2021, ulionyesha insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu kama ya friji. Juani au ndani ya gari lililofungwa ni habari nyingine.

Siku za kuumwa kanuni hubadilika. Malaria, jipu au homa ya mapafu hupandisha sukari hata usipokula, hivyo usiache insulini kwa kuwa hujala. Piga simu kliniki urekebishiwe dozi, kunywa maji mara kwa mara, na pima kila baada ya saa nne. Dawa za kutuliza uvimbe na mzio kama prednisolone na deksamethasoni hupandisha sukari, hasa alasiri na jioni. Kwinini ya mshipani, dawa ya malaria, inaweza kuishusha ghafla. Mashine ikiandika HI, haikusalimii: sukari imepita uwezo wake wa kusoma, kwa mashine nyingi zaidi ya 33. Hapo, au ukitapika mfululizo, ukipumua kwa nguvu na haraka, au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva sana, nenda hospitali saa hiyohiyo, na ubebe lile daftari.