Nancy Astor hakurithi kiti cha mumewe

Kila nikisahihisha insha za historia ya Uingereza nakutana na sentensi ileile: Nancy Astor alirithi ubunge wa mumewe. Naikata kwa wino mwekundu. Muhula unaofuata hiyo hapo tena.

Aliyerithi ni mume, Waldorf Astor. Baba yake alifariki Oktoba 1919, na cheo cha uvikaunti, kinachomfanya mtu kuwa lodi, kikamwangukia mwanawe, atake asitake. Wakati huo lodi hakuruhusiwa kuketi katika Bunge la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, kwa hiyo Waldorf akahamia Bunge la Malodi, na jimbo la Plymouth Sutton likabaki wazi. Wazi, jamani! Ukaitishwa uchaguzi mdogo Novemba, na Nancy, mgombea wa Conservative, akapambana na wanaume wawili. Alipata kura 14,495; William Gay wa Labour 9,292; Isaac Foot wa Liberal 4,139. Desemba 1 aliingia bungeni akisindikizwa na waziri mkuu Lloyd George na waziri mkuu wa zamani Balfour. Jina la mume lilimbeba? Sana, na fedha za akina Astor pia. Lakini alilikalia jimbo hilo hadi 1945, na kati yake alirudi kwa wapiga kura mwaka 1922, 1923, 1924, 1929, 1931 na 1935. Ule wa 1929 aliponea chupuchupu, kwa tofauti ya kura 211. Viti maalumu vya wanawake havikuwepo. Ushauri wangu ni uleule wa siku zote: ukiandika habari za mbunge, soma kwanza matokeo ya kura, wasifu utausoma baadaye.

Wengine humwita mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Huyo ni Constance Markievicz, aliyeshinda Dublin Desemba 1918 akiwa gereza la Holloway. Chama chake cha Ireland, Sinn Féin, kilikataa kuketi Westminster, yaani katika bunge la Uingereza. Astor ni wa kwanza kuketi.

Kwamba alipigania kura ya wanawake? Kazi hiyo waliifanya wengine, wengine wao kwa kifungo. Yeye alipofika, mwanamke wa miaka 21 aliruhusiwa kugombea ubunge lakini asipige kura mpaka afike 30, kichekesho kilichodumu hadi 1928.

Na hakupiga marufuku pombe. Hapo mnamchanganya na Marekani alikozaliwa, iliyoipiga marufuku kweli. Aliichukia pombe kweli, na hotuba yake ya kwanza, Februari 1920, ilihusu hiyohiyo. Ila sheria yake ya 1923 ilizuia tu walio chini ya miaka 18 kuuziwa kileo baa. Hata hivyo, wa miaka 16 aliruhusiwa bia pamoja na chakula. Ulikuwa muswada binafsi wa kwanza wa mwanamke kupita kuwa sheria Uingereza. Wanafunzi wangu huupa nusu mstari, kisha ukurasa mzima unakwenda kwa kisa cha Churchill na kahawa yenye sumu (ati Astor alimwambia angekuwa mkewe angemtilia sumu kwenye kahawa, naye akajibu kuwa angekuwa mumewe angeinywa), ambacho hakina ushahidi wa kuaminika. Kisa hicho hakina maksi kwangu.