Lini programu ya sataranji iongezewe kina cha upekuzi

Programu ya sataranji haiwezi kuufuata mchezo hadi mwisho. Huhesabu hatua kadhaa mbele, tuseme 12 (idadi hiyo ndiyo kina), kila hatua ikiwa ni upande mmoja kusogeza kete mara moja, kisha husimama na kuupa alama mpangilio ilioufikia. Tatizo ni pale inaposimama. Chukua askofu aliyenaswa pembeni, ambaye ataliwa hata ufanye nini. Programu hutoa askari ambaye mpinzani analazimika kumla, halafu wa pili, na kila kafara husukuma kifo cha askofu mpaka hatua ya 14 na ya 16, ambako haioni tena, nayo hudhani imemwokoa. Mwishowe hupoteza askari wawili na askofu yuleyule. Mtafiti wa sataranji ya kompyuta Hans Berliner alilieleza kosa hili mwaka 1973 na kulifananisha na upeo wa macho: kilicho ng'ambo yake, kwa programu, hakipo.

Kufuatilia mapigo ya kulana kete mpaka yatulie husaidia, lakini hakutoshi, kwa sababu askofu wetu haliwi pale pale. Ndiyo maana tunahitaji nyongeza za kina, yaani kuiruhusu njia fulani ipekuliwe hatua moja zaidi ya nyingine. Nyongeza ya zamani ni ya mfalme anapotishwa. Sababu yake ni hesabu: katika mpangilio wa kawaida wa katikati ya mchezo kuna hatua zipatazo 35 za kuchagua, ilhali mfalme aliyetishwa mara nyingi ana majibu mawili au matatu tu, kwa hiyo kwenda mbele hakugharimu sana.

Hakugharimu sana, ila si bure. Programu yangu ya kwanza iliongeza hatua kwa kila tishio bila mpaka wowote, na katika mpangilio mmoja wa mwisho wa mchezo malkia aliendelea kumfukuza mfalme huku na huko ubaoni mpaka muda ukaisha kabla kina cha 9 hakijakamilika. Nilitibu kwa masharti mawili: jumla ya hatua isizidi mara mbili ya kina cha kuanzia, na tishio ambalo kete inayotisha inaliwa bure lisiongezewe chochote.

Nyongeza ninayoithamini kuliko zote ni ile ya hatua pekee, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Thomas Anantharaman, Murray Campbell na Feng-hsiung Hsu, waliokuwa wakiunda kompyuta ya sataranji Deep Thought. Hoja yao ni kwamba ikiwa hatua moja inazizidi nyingine zote kwa mbali, basi njia nzima imeegemea hatua hiyo, na kosa likijificha ndani yake hakuna pa kukimbilia. Leo tunaipima kwa gharama ndogo. Tuseme kumbukumbu ya programu inaonyesha kwamba hatua fulani ina thamani ya +0.40, askari mmoja akihesabiwa 1. Naiondoa kwa muda, nazipekua zilizobaki kwa takriban nusu ya kina, na kuuliza swali moja tu: je, ipo inayofikia +0.10? Isipokuwepo, ile ya kwanza ni pekee, nayo huongezewa hatua. Ikiwepo, naiacha kama ilivyo. Uzuri wake ni kwamba haijali kama kuna tishio, kafara au askari anayekaribia mstari wa mwisho. Hulitambua lazima lenyewe, hata katika mpangilio mtulivu ambao kanuni nyingine zingeupita.

Pengo hilo la 0.30 si la kukisiwa. Likiwa dogo mno, karibu kila hatua huonekana pekee na upekuzi hunenepa mahali pasipostahili. Likiwa kubwa mno, nyongeza haifanyi kazi kamwe. Wala usilipime kwa mafumbo ya kumfunga mfalme, kwani karibu nyongeza yoyote huyafumbua mapema zaidi huku ikipunguza kina kwingineko. Ninachofanya ni kuzichezesha programu mbili, ya zamani na mpya, maelfu ya michezo kwa muda uleule wa kufikiri, na kuibakiza nyongeza pale tu ile mpya inaposhinda kwa tofauti isiyoweza kuwa ya bahati.