Je, wajua kwa nini taa ya urujuanimno huwekwa ndani ya kiyoyozi?

Mbeya si mji wa viyoyozi. Uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni mtu hutafuta koti, hatafuti mashine ya kumwongezea baridi. Lakini vipo vile vya kupoza na kupasha joto, na baadhi ya viyoyozi huuzwa vikiwa na taa ya mionzi ya urujuanimno (UV) ndani, ikisemwa kwamba inaua vijidudu vya hewani. Ni kweli inaua. Ila kazi yake kubwa haifanyiki hewani.

Tuanze na ule mwanga wa samawati unaoonekana taa ikiwaka, maana ndio unaopoteza watu. Wengi wakiuona huamini kwamba ndio unaoua. Mionzi ya urujuanimno ina aina tatu, A, B na C, na inayoua ni aina C, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi, na jicho la binadamu halioni kitu chini ya nanomita 380. Samawati ile ni mwanga wa ziada tu wa mvuke wa zebaki ulio ndani ya taa. Kwa hiyo kataa ka wakala wa pesa, kale anakomulikia noti kubaini bandia, hakawezi kufanya kazi hiyo japo rangi zinafanana: kanatoa aina A, ambayo kwa kuua vijidudu ni dhaifu mno. Ndugu wa kweli wa taa ya kiyoyozi ni tyubu nyeupe ya dukani. Ndani ya tyubu mvuke wa zebaki hutoa mionzi hiyohiyo ya nanomita 254, kisha unga mweupe uliopakwa kwenye kioo huigeuza kuwa mwanga wa kawaida. Ondoa unga, weka kioo maalumu kinachopitisha mionzi, umepata taa ya kuua vijidudu.

Wala si jua lililofungiwa kwenye boksi. Jua la Mbeya huunguza ngozi hata siku ya baridi, kwani mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lakini hiyo ni aina A na B. Aina C ya jua humezwa yote angani kabla ya kutufikia, hata kileleni mwa Mlima Rungwe. Godoro linaloanikwa uani halijawahi kuiona.

Mionzi hiyo ikimpata kijidudu huharibu DNA (vinasaba) yake, akashindwa kuzaliana. Inahitaji kipimo, na kipimo ni ukali wa mwanga mara muda. Fikiria mpunga wa Kyela. Ulioanikwa kwenye turubai tangu asubuhi, jioni umekauka. Ule uliobebwa kwenye ungo, mtu akakatiza nao uani mbio kutoka ghalani hadi jikoni, umepigwa na jua lilelile lakini unyevu wake uko palepale. Hewa ya kiyoyozi ni mpunga wa kwenye ungo. Ikienda mita 2 kwa sekunde mbele ya eneo lenye mwanga la nusu mita, inamulikwa kwa robo ya sekunde. Baadhi ya vijidudu hufa, vingine hupita salama, na hewa ikizunguka mara nyingi hupata nafasi nyingine. Mpunga wa turubai ni koili, yale mabapa membamba ya metali yanayopoza hewa. Koili haiendi popote. Inamulikwa saa baada ya saa, na kuvu, hata ikiwa sugu, haipati nafasi ya kuota.

Kuvu huifuata koili kwa sababu ya maji. Hewa yenye unyevu ikigusa koili ya baridi hutoa jasho, na vumbi likinata hapo, shamba limekamilika. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kiyoyozi hudondosha maji mchana kutwa, kwa hiyo taa ina kazi. Mbeya mjini, mashine ikiwashwa ipashe joto, koili ya ndani huwa ya moto na kavu. Kuvu gani itaota hapo? Nisingeilipia.

Je, afya ya waliomo inaimarika? Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wafanyakazi 771 katika ofisi za Montreal, Kanada. Taa zilizo kwenye mfumo wa hewa zilipowashwa, bila wao kujua, malalamiko ya kukereketa pua na koo yalipungua. Ni ushahidi mzuri, ila wa majengo makubwa ya ofisi, na nyumba yenye kiyoyozi kimoja ukutani ni jambo jingine.

Taa hudhoofika baada ya saa 9,000 hivi, takribani mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo, huku samawati ikiendelea kung'aa kama kawaida. Fundi asiifungue ikiwa inawaka: macho yatauma kama ya mchomeleaji aliyesahau miwani. Nyingine hutoa ozoni, gesi inayokera mapafu.

Na kwa wanaoingiza jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, taa hii haiwasaidii chochote. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina DNA ya kuharibiwa.