Kina cha maji kisimani si usawa wa maji

"Tumekosa mshipa." Kisima kikitoka kikavu, ndivyo watu wanavyosema, kana kwamba huko chini kuna mto mwembamba na fundi ameupita pembeni. Mito ya namna hiyo ipo, hasa kwenye miamba ya chokaa yenye mapango, lakini ni michache. Sehemu nyingi maji yamejaa kwenye nafasi ndogo kati ya punje za mchanga na changarawe, au kwenye nyufa za mwamba, yametandaa eneo kubwa. Kwa sababu yametandaa, uso wake una mwinuko na mteremko, na tunaweza kuuchora kwenye ramani.

Hapo ndipo kosa linalonisumbua kuliko yote linapoingia. Watu hudhani kwamba kisima chenye maji karibu ndicho chenye maji ya juu, na kwamba maji huelekea kule yanakopatikana mbali zaidi. Tuchukue mfano. Kisima cha kilimani, mdomo wake uko mita 84 juu ya usawa wa bahari, na kamba inagusa maji kwenye mita 31. Kisima cha bondeni, mdomo uko mita 62, maji yako mita 14 tu. Ukilinganisha kina peke yake utasema maji yanatoka bondeni kwenda kilimani. Sasa toa: 84 kasoro 31 ni 53, 62 kasoro 14 ni 48. Maji ya kilimani yako juu kwa mita 5, nayo ndiyo yanayoelekea bondeni.

Ongeza kisima cha tatu, pembeni: mdomo mita 71, maji mita 20.5, yaani usawa wa 50.5. Hiyo ni nusu kamili kati ya 53 na 48. Weka alama katikati ya mstari unaounganisha visima viwili vya kwanza, kisha unganisha alama hiyo na kisima cha tatu. Umepata mstari wa kontua ya 50.5, yaani mstari unaopita mahali ambapo usawa wa maji ni ule ule. Kwa kawaida maji huukata mstari huo kwa pembe mraba, kuelekea upande wa 48. Visima vitatu na rula vinatosha kukuonyesha choo cha shimo kinatiririsha uchafu upande gani, na mtaani kwenye visima vifupi hilo ni suala la afya ya watoto.

Lakini bila kupima mwinuko wa mdomo wa kisima, huna ramani. Simu inaweza kukosea mwinuko kwa mita kadhaa, na tofauti yote tuliyokuwa tunaitafuta ni mita 5. Aitwe mpima ardhi.

Wengine husema maji ya chini hufuata mteremko wa ardhi. Mara nyingi hufanya hivyo, si siku zote. Milima ya Chyulu nchini Kenya haina mito ya kudumu juu yake. Mvua hupenya kwenye miamba ya volkano na kuibukia kilomita nyingi mbali, kwenye chemchemi za Mzima ambazo maji yake hupelekwa Mombasa kwa bomba. Na ufukweni, kama Msasani jijini Dar es Salaam, pampu nyingi zikivuta kwa pamoja zinaweza kushusha usawa hadi mwelekeo ukageuka, maji ya chumvi yakaanza kuingia nchi kavu. Kwa kanuni ya jumla, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Ukipoteza nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20.

Kupima kwenyewe kuna mitego. Kabla ya kushusha kamba nauliza: "Mama, pampu imezimwa saa ngapi?" Akijibu kwamba imezimwa sasa hivi, tunasubiri, kwa maana maji bado yanapanda na namba hiyo ni ya pampu, si ya ardhi. Wala usichukue kina ambacho mchimbaji alikutana na maji. Maji yaliyobanwa chini ya tabaka la udongo wa mfinyanzi yakitobolewa hupanda, pengine mita nyingi, na usawa yanapotulia ndio unaoandikwa.

Dhana ya mwisho ni kwamba ramani ikishachorwa imekwisha. Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, usawa wa maji umefuatiliwa tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila masika. Hushuka miaka mfululizo, kisha mvua kubwa zisizo za kawaida, kama zile za El Niño ya 1997/98, huyapandisha kwa msimu mmoja. Aliyepima mwaka 1996 pekee na aliyepima mwaka 1999 pekee wangechora ramani mbili tofauti za bonde lile lile, zote zikiwa zimepimwa vizuri.