Kwa nini randa hupata kutu kabatini, hata mvua isipoigusa?

Ukiuliza Shangani au Mikindani, pwani ya Mtwara, kwa nini vifaa vya useremala vinashika kutu, wengi watakujibu: mvua. Paa limevuja, au mtu kaisahau randa uani. Jibu hilo ni nusu tu. Ni kweli kwamba chuma hakipati kutu bila maji na oksijeni, lakini hata patasi iliyofungiwa sandukuni, chini ya bati lisilovuja, hutoka na madoa mekundu. Humo maji yameingiaje?

Yameitwa na chumvi. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, upepo huyaingiza mjini, nayo yakikauka huacha chumvi isiyoonekana kwa macho. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani hadi kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa pwani hufikiwa bila shida. Magnesi kloraidi, chumvi nyingine iliyomo katika maji ya bahari, huanza kwenye asilimia 33 hivi. Ndiyo maana chumvi ya mawe ya Lindi ukiiacha kwenye kopo wazi, asubuhi unaikuta imelowa chepechepe na hakuna aliyemwaga kitu. Kwenye bapa la msumeno mambo ni yale yale, ila utando wa maji ni mwembamba kiasi kwamba ukipapasa utaapa ni pakavu. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu huhitaji njia hiyo: upande mmoja chuma kinapoteza elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, upande wa pili oksijeni inazipokea.

Jasho nalo lina chumvi. Geuza randa ya chuma iliyokaa muda bila kufutwa, uitazame mwangani: mara nyingine utaona kutu iliyochora kidole gumba kizima, na mistari yake yote. Kwa sababu hiyo hata Masasi, mbali na bahari, vifaa havisalimiki, ingawa chumvi ya upepo huko ni kidogo sana.

Kwa hiyo kupaka mafuta juu ya kifaa kilichotoka kazini hakutoshi. Mafuta hayayeyushi chumvi, na tambara kavu huisambaza tu. Anza na tambara lenye maji baridi, kausha papo hapo, anika juani kidogo, ndipo upake oili ya mashine. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, hivyo maji ya mvua, yale yale yanayolaumiwa, ndiyo mazuri kwa kazi hii. Yakinge mvua ikishanyesha kitambo, bati likiwa limeshaoshwa.

Mafuta yaliyokaangiwa samaki usiyatumie, yana chembe za chumvi. Na mafuta ya maganda ya korosho, hata ukiyapata bure, yaweke mbali na mpini: yanachoma ngozi.